Pombe na uhalifu mtaani kwenu: tupeane uzoefu

Wadau, niko Rhonda, Nakuru. Huku kukitokea kesi yoyote watu wanasema "ni pombe tu" na wanaachia hapo, mimi naona mlevi mwenyewe ndiye anaumia zaidi. Ile sheria ya pombe ya 2010, ya Mututho aliyekuwa mbunge wetu wa Naivasha, ilisema siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni ifungwe saa tano usiku, lakini huku keg, ile bia ya pipa, inauzwa asubuhi mlango umerudishwa nusu, sasa ikifika hiyo saa tano wote wanamwagwa nje pamoja na vijana wanajua wanangoja wapi. Jirani yangu wa mjengo alivuliwa hadi viatu Jumamosi ya malipo. Hajaripoti, anasema ataulizwa alikuwa ametoka wapi. Leteni zenu.

WaObunga: Mzee, pole pole na sisi wa wapishi wa pombe. Mimi nimesomeshwa na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, mamangu hajawahi kuiba hata sindano. Sheria hiyo hiyo iliruhusu chang'aa lakini iwe na leseni na chupa yenye lebo, hebu niambie nani hapa Obunga, Kisumu, ana mashine ya kuweka chupa na lebo? Kwa hivyo asubuhi polisi wanamwaga mtungi, jioni mmoja wao anapitia kuchukua kitu kidogo, kesho moto unawashwa tena. Huo ni uhalifu wa nani?

Mluhya_Damu: Kakamega shida ni disko matanga, yaani disko ya usiku kwenye matanga. Busaa, pombe ya nafaka, inazunguka, muziki hadi asubuhi, wasichana wa shule wako hapo na hakuna mtu mzima anaangalia, chifu akipiga marufuku wanahamia boma ingine. Halafu kuna ndugu wawili hapa karibu, wakiwa wazima hata salamu hawapeani, wakishalewa ndio wanakumbuka kupima mpaka wa shamba saa nane usiku, na panga. Mmoja sasa hana vidole viwili, kesi "inaongelewa nyumbani".

Nyar Kondele: Na si lazima uwe umelewa. Mimi niliwekewa mchele, ile dawa ya kukulaza, kwa soda, klabu moja hapa Kisumu siitaji, niliamka kwa ngazi ya ploti sijui ya nani, simu hakuna na M-Pesa imefagiliwa.

WaObunga: Woi, pole dada. OB, namba ya ripoti ya polisi, ulipewa?

Nyar Kondele: Nilipewa namba. Line nimerudisha, simu bado.