Mrejesho: yule wa Malindi aliyeuliza kuhusu homoni

Jamani, mimi ndiye niliyeuliza kama homoni zinaweza kuniondolea huzuni. Nina miaka 48, hedhi yaja ikitaka, nalia hata nikipara samaki. Mlisema nikapimwe. Nikaenda.

Daktari hakukimbilia dawa. Kwanza alipima damu na tezi ya shingo, maana tezi ikizembea nayo huleta unyonge. Majibu sawa. Akaniuliza: usiku je? Nikamwambia nabadilisha kanga mara mbili kwa jasho. "Basi hulali, mama." Akaeleza kuwa hedhi ikikaribia kukoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupanda na kushuka ovyo. Homoni si dawa ya kwanza ya sonona, ila joto na usingizi vikitulia, moyo nao huweza kutulia. Na kwa kuwa kizazi ninacho, nikipewa estrojeni lazima homoni nyingine, projesteroni, iandamane nayo, kukinga ukuta wa kizazi na saratani. Akauliza pia habari za saratani ya matiti na damu kuganda kwetu.

Sasa wiki ya tisa tangu nianze homoni. Kanga moja hadi alfajiri. Huzuni imepungua, haijaisha. Mshauri nasaha bado namwona. Shangazi ashikilia ni jicho la watu. Kombe lake nimelinywa pia, sikatai.