Naomba ushauri: Wafini wangepataje uhuru bila kupitia Urusi?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ya historia ya kubuni na nimekwama, naombeni mawazo.

Nimegeuza tukio moja tu: Mei 1808 ngome ya Sveaborg, mlangoni mwa Helsinki, haisalimu amri kwa Warusi. Admirali Cronstedt anakaza, Uswidi inabaki na Ufini, na mkataba wa 1809, ule ulioikabidhi Ufini kwa Urusi, hautiwi saini.

Hapo ndipo mambo yanapogoma. Katika historia halisi, ni Warusi hao hao waliowapa Wafini utawala wa ndani: bunge la Porvoo 1809, Helsinki kuwa makao makuu 1812, sarafu ya markka 1860, kisha amri ya 1863 iliyokipa Kifini miaka 20 kufikia hadhi ya Kiswidi maofisini. Mwenye nyumba kajenga, mpangaji kaja kuichukua! Chini ya Uswidi, wasomi waliongea Kiswidi na Ufini ilikuwa kipande tu cha ufalme.

Nimeandika rasimu mbili. Ya kwanza Ufini inabaki majimbo ya mashariki ya Uswidi hadi leo, inachosha. Ya pili ina uasi, nikiiga njama ya Anjala ya 1788, ila wale walikuwa maofisa wenye kinyongo na mfalme Gustav III. Wakulima hawakuwamo.

Sasa, nani angekiinua Kifini: makasisi wa Kilutheri, au wakulima, ambao tayari walikuwa na wawakilishi bungeni Stockholm? Na bila mapinduzi ya Urusi ya 1917, yaliyowapa Wafini nafasi ya kujitangazia uhuru, mtikisiko gani ungewafungulia mlango? Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.