Naomba ushauri: wota pampu ya RAV4 ya zamani, nibadilishe sasa au nisubiri?

Wakuu, habari za jioni. Nina RAV4 ya 1998, injini 3S, niliyoachiwa na marehemu baba, kwa hiyo naitunza kama mboni ya jicho. Imetembea kilomita 178,000. Belti ya taiming ilibadilishwa ikiwa na 95,000, ila kwenye risiti za mzee wota pampu (ile inayosukuma kulanti, maji ya kupoza injini) haimo. Kwa injini hii pampu inazungushwa na belti hiyohiyo, yaani ukitaka kuifikia lazima ufungue taiming.

Wiki mbili sasa kulanti inapungua kwenye chupa, kama upana wa kidole hivi. Nimebadilisha mfuniko wa rejeta, nimekagua mipira yote, mikavu. Jana asubuhi nikamulika tochi chini ya pampu nikaona ukoko wa waridi umekauka pale, kama chumvi. Hakuna tone linalodondoka, na geji ya joto haijawahi kuvuka katikati.

Fundi wangu anasema nisiiguse mpaka ivuje au ianze kulia, belti nayo bado ina kama kilomita 17,000 kufikisha laki moja tangu ibadilishwe. Mimi roho haitulii. Mwezi ujao nampeleka mama Mbeya, na mlima Kitonga huko njiani si mahali pa kuchemsha gari ukiwa na mzee.

Je, ukoko huo unatosha kubadilisha pampu na belti kwa pamoja sasa hivi? Na pampu mpya isiyo orijino na orijino ya mtumba kutoka Japani, ipi mmeifunga ikadumu?