Kisima kimoja, zamu mbili: chuki hii tunazaliwa nayo?

Mwalimu wa Bayolojia, Pemba
Assalaam alaykum. Nafundisha skuli ya sekondari kaskazini Pemba, na suali la mwanafunzi wangu limeninyima usingizi.

Uchaguzi wa 1995 ulinikuta na miaka tisa. Kisima chetu kilikuwa kimoja. Bibi yangu alikuwa na ndoo ya bati yenye kamba ya usumba, na kila siku jirani yake akiiazima. Baada ya kura, yule jirani alikuja na kidumu chake kilichokatwa mdomo, kimefungwa kamba ya nailoni mpya, ya buluu. Akachota, akajitwisha, akapita bila ya salamu. Wawili hao wamesuka ukili baraza moja tangu usichana wao! Dini moja, lafudhi moja. Mwezi haukwisha, zikapangwa zamu: chama hiki asubuhi, chama kile jioni.

Nilipoyasimulia darasani, kijana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kumbe chuki tunazaliwa nayo?" Sikuwa na jibu. Nisaidieni.

Mtu wa Makunduchi
Tunazaliwa nayo, Mwalimu. Watazame sokwe wa Gombe, hapo Kigoma. Mtafiti Jane Goodall na wenzake waliona kundi moja likigawika, Kasakela na Kahama, na kati ya 1974 na 1978 madume wa Kasakela wakawawinda wa Kahama mpaka kundi lile likafutika. Na zamani walikuwa wakichambuana manyoya. Damu yetu na yao haiko mbali.

Binti Mkokotoni
Kaka wa Makunduchi, hapo sikubali. Tunachozaliwa nacho ni jicho la kuangalia nani yuko na nani. Adui ni yupi, hilo tunajifunza, tena upesi mno.

Mwaka 2001, watafiti Kurzban, Tooby na Cosmides waliwaonesha watu huko Marekani picha za wachezaji wa timu mbili za mpira wa kikapu, weusi na weupe, pamoja na maneno ya kila mmoja katika ugomvi wao. Halafu wakauliza: nani kasema nini? Makosa ndiyo yaliyotoa siri. Ukimchanganya mweusi na mweusi mwenziwe, ujue akili imewapanga kwa ngozi. Lakini timu zilipovishwa fulana za rangi mbili, kijivu na njano, watu wakaanza kuwachanganya wa fulana moja, na ngozi ikapungua nguvu. Kwa dakika chache tu!

Hoja yao ni kwamba wazee wa kale walitembea kwa miguu, hawakukutana na watu wa rangi ya mbali. Walichohitaji kila siku ni kujua nani atasimama nao ugomvi ukizuka. Ndiyo maana hata kamba ya buluu inatosha kuwa alama.

Mvuvi wa Dago
Miaka hiyo ya visima nilikuwa dago, kambi ya wavuvi. Vyama vyote viwili chombo kimoja. Juya likijaa, huulizi aliye nyuma yako kampigia nani kura. Mikono yako mwenyewe inakwambia anavuta au havuti. Usiku tunakula sinia moja. Tukirudi kijijini, siku ya tatu tunapishana njiani kama hatujuani. Hili limeniuma miaka mingi.

Binti Mkokotoni
Shikamoo baba. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alikiona hicho hicho kambini Oklahoma, Marekani, 1954. Wavulana 22, makundi mawili, wakachomeana bendera. Kuwalisha ukumbi mmoja hakukufaa, walirushiana chakula. Kilichofaa ni shida ya wote: mara maji yalikatika, mara gari ya chakula ikagoma kuwaka, wakaifunga kamba na kuivuta pamoja. Kamba ile ile waliyokuwa wakishindana kuvutana!

Mwalimu wa Bayolojia, Pemba
Nimesoma maneno ya kamba mara mbili, machozi yakinilenga. Masika moja ukingo wa kisima chetu ulibomoka. Wanawake wa zamu zote mbili waliingia topeni wakipokezana makarai ya udongo, na tangu siku ile hakuna aliyetaja zamu tena.

Lakini bibi na jirani hawakurudi baraza moja. Walisalimiana, basi. Ukili, bibi aliusukia uani, peke yake, mpaka macho yalipomshinda. Jumatatu nitamweleza kijana yote mawili, la kisima na la baraza.