Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Mwalimu wa Jioni, Ngamiani
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina wanafunzi wachache wa kidato cha pili ninaowafundisha nyumbani, na juzi mmoja wao aliniuliza swali lililonishinda. Alichukua 2 akaipandisha hadi kipeo cha 32, akaongeza 1, akapata 4,294,967,297, kisha akataka kujua kama namba hiyo ni tasa. Tumeigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya 100, na kila mara kumepatikana baki. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo tu, kwa hiyo tukiendelea hivi kwa kalamu tutakesha. Je, ipo njia fupi?

Baharia, Chumbageni
Mwalimu, mimi naona ni tasa. Vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1, hutoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, nazo zote ni tasa. Kwa nini hiki cha 32 kiwe tofauti?

Mama Hesabu, Pongwe
Baharia, usione haya, kwani Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alidhani hivyo hivyo. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hii ni 641 × 6,700,417.

Mwalimu, siri iko katika umbo la vigawo. Kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe zao la 128 na namba nzima fulani, ukiongeza 1. (Euler alitumia 64, Mfaransa Édouard Lucas ndiye aliyeifikisha 128 baadaye.) Kwa hiyo za kujaribu ni 129, 257, 385, 513, 641 na kuendelea. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa. Nayo 257 inajiondoa yenyewe, kwa sababu 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2, hivyo ukigawa kwa 257 lazima ibaki 2. Jaribio la kwanza la kweli ni 641.

Wala huhitaji kugawa. Kwa kuwa 641 ni 5 × 2⁷ + 1, basi 5 × 2⁷ ni pungufu ya 641 kwa 1, na kipeo chake cha nne, yaani 5⁴ × 2²⁸, kikigawanywa kwa 641 hubakiza 1. Tena 641 ni 5⁴ + 2⁴. Izidishe kwa 2²⁸ upate 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo haibakizi kitu. Weka 1 mahali pa kipande cha kwanza, na utaona kwamba 1 + 2³² nayo haibakizi kitu.

Mwalimu wa Jioni, Ngamiani
Shikamoo, Mama. Nimeisoma mara tatu ndipo ikaniingia. Sasa kijana anauliza kama 6,700,417 yenyewe ni tasa.

Mama Hesabu, Pongwe
Marahaba. Vigawo vyake ni vigawo vya ile kubwa, kwa hiyo umbo ni lile lile, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Ukiacha 257, tasa za umbo hilo ni 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Mwachie agawe mwenyewe.

Mwalimu wa Jioni, Ngamiani
Amegawa. Baki ni 44, 120, 334 na 622.