Mafundi wa boda Malindi, mafuta ya shoki za mbele si ya kungoja mpaka yavuje!

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na mafundi mtanivumilia. Kuanzia Maweni hadi Mambrui, ukiuliza mafuta ya shoki za mbele hubadilishwa lini, unajibiwa, "Yakianza kuvuja." Kuvuja ni habari ya sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke. Mafuta yenyewe yanakuwa yameshakufa miezi mingi nyuma, na muda wote huo dereva anapakia abiria wawili na mtungi wa maji juu ya pikipiki ambayo ukishika breki mbele inazama mpaka mwisho.

Tuelewane kwanza shoki inafanya nini. Springi inabeba uzito. Mafuta yanaizuia springi isirukeruke: kila ikibanwa na kila ikirudi, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ugumu wa kupita pale ndio unaotuliza gurudumu. Kazi hiyo inayapiga mafuta, yanapata joto, yanakuwa mepesi. Tena shoki haina chujio. Unga wa chuma unaosagika kwenye springi na bushi (pete ambamo mguu wa shoki unateleza) unabaki mle mle, unazunguka na kusaga zaidi. Ndiyo maana yakimwagwa yanatoka ya kijivu na yananuka kama samaki aliyeoza. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia.

Halafu kuna wale wanaosema kubadilisha mapema ni mambo ya watu wa mashindano. Sawa, tuwatazame hao. Wanaokimbia kwenye uwanja wa mbio hawahesabu kilomita, wanahesabu saa au siku za kukimbia. Wengi hubadilisha angalau kila msimu, na wanaosukuma sana hubadilisha mapema zaidi, kwa sababu kila kona ni breki kali na mafuta yanachemka. Lakini pikipiki ya mbio inabeba mtu mmoja, juu ya lami laini, na jioni inafutwa na kufunikwa. Ya kwetu inabeba magunia ya mkaa, inakula vumbi na mashimo ya njia ya Langobaya, inapita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na wakati wa kusi inapigwa na mchanga na unyunyu wa bahari. Kama wao wanabadilisha, sisi tunangoja nini?

Hesabu ni nyepesi. Boda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 2,600. Miezi minne haijaisha na umeshapita 10,000. Kwa kazi ya mjini na lami ya kuelekea Gede au Watamu, hapo ndipo mwisho: kila kilomita 10,000. Kwa njia za mawe, mchanga au chumvi, usipite 6,000. Pikipiki mpya, mara ya kwanza iwe kwenye 5,000, maana bushi mpya humwaga chuma kingi zikiwa zinazoeana. Pikipiki ya nyumbani isiyotembea sana, miaka miwili isipite, hata kama kilomita hazijafika.

Sasa dhambi kubwa: kutia oili ya injini kwenye shoki. Mafuta ya shoki ya 10W (namba ya daraja la unene) yana unene wa karibu 30 kwa kipimo cha cSt kwenye nyuzi joto 40. Oili ya injini ya 20W-50 kwenye joto hilohilo inapita 150. Mara tano! Shoki inakuwa ngumu kama mti, na kwenye barabara yenye mawimbi gurudumu linaruka juu juu badala ya kufuata ardhi. Mbaya zaidi ni anayemimina oili chafu iliyotolewa kwenye injini muda huo huo. Na usidanganywe na namba ya W peke yake, 10W ya kampuni moja si sawa na ya nyingine. Angalia cSt nyuma ya chupa.

Dhambi ya pili ni kuongeza mafuta "ili iwe ngumu". Hewa iliyo juu ya mafuta nayo ni springi. Ukiipunguza, shimo moja tu linapandisha presha ghafla na sili inasukumwa nje. Kisha mnailaumu sili!

Kazi yenyewe haina uchawi. Simamisha pikipiki, inua mbele, toa gurudumu. Legeza mfuniko wa juu KABLA ya kutoa mguu wa shoki, ukiwa bado umebanwa, la sivyo utahangaika. Ukifika nyuzi za mwisho za mfuniko ukandamize kwa mkono, springi inasukuma. Toa springi, geuza mguu, upampu mara kumi, uache udondoke dakika kumi na tano. Suuza kwa mafuta mapya kidogo, usitumie petroli. Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa macho. Pikipiki nyingi za boda hazifiki mililita 200 kwa mguu. Pampu polepole mpaka mapovu yaishe, ngoja, kisha bana shoki mpaka chini, springi ikiwa nje, na upime kwa rula kutoka mdomo wa paipu (bomba la chuma linaloteleza ndani ya mguu) hadi kwenye mafuta. Miguu miwili lazima ilingane. Ukirudisha gurudumu, kandamiza mbele mara kadhaa kabla ya kukaza ekseli, ili miguu isikae imepinda.

Sili ikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili pamoja na washa ya shaba ya bolti ya chini. Funga kipande cha nailoni juu ya paipu wakati wa kupitisha sili mpya, ukingo wa paipu hukata mdomo wa sili. Na wewe fundi unayeing'oa ya zamani kwa bisibisi bila kitambaa, mkwaruzo mmoja ndani ya kikombe cha sili na mafuta yatapita hapo daima. Paipu yenye kutu ya chumvi pia ipigwe msasa wa maji namba 2000 kwanza, vidonda vile vinakata sili mpya ndani ya wiki.

Kwa pikipiki za breki za diski, mafuta yakishafika kwenye padi za breki, zitupwe. Kuzichoma kwa moto na kuzirudisha, kama mnavyofanya pale stendi, ni kumtuma dereva barabarani bila breki.