Ushauri: Nampeleka mama Café de Tacuba, Mexico City. Aagize nini kisicho na nguruwe?

Kijana wa Makorora
Wakuu, habari zenu. Naishi Houston, na mama yangu yuko kwangu tangu mwezi wa sita, ametokea Tanga. Maisha yake yote amepikia watu. Harusi na hitma za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Sasa ana miaka 67. Mwisho wa Agosti nina kazi ya siku nne Mexico City, na nimeamua kwenda naye. Nataka siku moja akae yeye mezani, apakuliwe.

Nimeupenda mkahawa wa Café de Tacuba, upo tangu 1912, kuta zina vigae vya rangi na michoro mikubwa ya watawa. Mama nilipomwonyesha picha kwenye simu, hakuirudisha kwa haraka.

Shida ni hii: sisi Waislamu, na mama hagusi nyama asiyojua imechinjwaje. Mwaka jana, kwenye mkahawa mmoja wa huku, niliambiwa maharage hayana nyama. Nimeshakula ndipo nasikia yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Iliniuma sana, na sitaki yamkute mama. Mwenye kujua anisaidie. Nawasilisha.

Pilipili Kichaa
Mkuu, nimesoma Mexico City miaka miwili, na hayo ya maharage yalinikuta pia. Ukiuliza kama kuna nyama, wengi wanafikiria vipande tu, mafuta hawayahesabu. Neno lako ni *manteca*. Sema: "¿Lleva manteca de cerdo?", yaani "Ina mafuta ya nguruwe?" Uliza kwa kila sahani, usione haya.

Tamales, yale madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, kwa kawaida unga wake umekandwa kwa mafuta hayo. Maharage ya kupondwa vilevile, na hata baadhi ya mikate ya sukari. Enchiladas ni tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi, zilizokunjwa na kumwagiwa sosi. Zile zenye jina la mkahawa wenyewe, za sosi ya krimu na spinachi, ndani zina kuku. Omba wamtilie mama jibini, halafu uulize kama kwenye sosi kuna *caldo de pollo*, yaani supu ya kuku. Kukiwa na samaki siku hiyo, hapo ndipo pa kutulia.

Nendeni saa nane mchana, ndio muda wao wa mlo mkubwa. Treni ya chini inawashusha kituo cha Allende, ni karibu sana. Bili haiji mpaka uiombe, na mhudumu humwachia asilimia 10 hadi 15.

Mzee wa Kumbukumbu
Kijana, umefanya jambo jema kwa mama yako. Mimi nitakuongezea mkahawa mwingine, Hostería de Santo Domingo, wa tangu 1860, nao uko katikati ya mji mkongwe. Wanajulikana kwa chile en nogada: pilipili kubwa ya kijani iliyojazwa nyama na matunda, ikamwagiwa sosi nyeupe ya jozi (walnut), juu punje za komamanga na majani ya kijani. Ndizo rangi za bendera yao. Agosti na Septemba ndio msimu wake hasa.

Pilipili Kichaa
Mzee, shikamoo. Nyama ya ndani mara nyingi huchanganywa na ya nguruwe, na kuna wapishi wanaotia mvinyo kwenye ile sosi. Kwa mama huyu hapana.

Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba. Umenisahihisha vizuri, basi abaki na Tacuba. Ila nimweleze kitu. Nguruwe aliingia Meksiko na Wahispania, karne ya 16. Kabla ya hapo wenyeji walikuwa na mahindi, maharage, maboga, pilipili, nyanya, parachichi, bata mzinga na kakao, na tamales zao hazikuwa na mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo mama asijione anakosa chakula cha asili. Akiletewa tortilla ya mahindi, parachichi lililopondwa na sosi ya nyanya na pilipili, amekula kilicho cha kale kuliko mkahawa wenyewe.

Mama Ukwaju
Kijana, usimsahaulishe mama vinywaji, maana hapo atajiona yuko kwao. *Agua de tamarindo* ni juisi ya ukwaju. *Agua de jamaica* ni ile rozela yetu. *Café de olla* ni kahawa ya mdalasini na sukari guru, huchemshwa kwenye chungu. Na aagize chokoleti ya moto. Jadi yake hupigwa kwa kijiti cha mbao kiitwacho *molinillo*, unakizungusha katikati ya viganja mpaka povu lipande. Mimi nilipokiona mara ya kwanza nilisema huu si upekecho!

Kijana wa Makorora
Nimemsomea mama yote. Kwenye upekecho alinyoosha mikono akaanza kuzungusha viganja mwenyewe. Tumekubaliana: Tacuba, saa nane, enchiladas za jibini kama sosi itakuwa salama, ukwaju, halafu chokoleti. Ila ana swali, amelishikilia tangu jana: tortilla inakunjika vipi bila kukatika, na ni unga wa mahindi tupu? Yeye mkate wa mahindi humvunjikia.

Mama Ukwaju
Mwambie hawasagi mahindi makavu. Wanayachemsha na chokaa, wanayaacha humo usiku kucha, asubuhi ganda linatoka ukisugua kwa mkono. Wanayaosha, wanayasaga yakiwa bado na maji, ndipo donge linashikana.

Kijana wa Makorora
Anauliza, chokaa gani? Hii ya tambuu?

Mama Ukwaju
Hiyo hiyo. Wao wanaiita *cal*.